Maumivu katika safari ndefu za baiskeli ya kuegemea: dalili, visababishi na marekebisho

Baiskeli ya kuegemea, ambayo Waholanzi huiita ligfiets na Wajerumani Liegerad, hununuliwa mara nyingi na watu waliochoshwa na maumivu ya baiskeli ya kawaida: makalio yaliyochubuka, viganja vilivyokufa ganzi, shingo iliyokakamaa. Mpandaji huketi kwenye kiti chenye mgongo, miguu yake ikiwa mbele, na uzito wake hutandazwa juu ya eneo kubwa la mwili badala ya kubebwa na makalio na viganja peke yake. Kwa hiyo mtu anaporudi kutoka safari yake ya kwanza ya kilomita 80 huku goti linamuuma na nyayo zinawaka moto, huvunjika moyo, na akiwauliza waliomtangulia hujibiwa kwa neno moja: utazoea.

Neno hilo ni kweli nusu tu, na ile nusu isiyo kweli imewaumiza watu magoti, nami nikiwamo. Msuli huzoea kazi mpya ukipewa wiki chache. Goti, neva na pingili za uti wa mgongo havizoei kubanwa au kuvutwa vibaya; huvumilia kwa muda, kisha huumia zaidi. Katika kila dalili iliyoelezwa hapa nimejaribu kuonyesha ni maumivu gani ya kuyavumilia na ni yapi yanayodai spana.

Maduka ya kawaida ya baiskeli hayana msaada mkubwa katika jambo hili, na sababu yake ni ya kihistoria. Mwaka 1933, mjini Paris, mwendesha baiskeli Mfaransa Francis Faure aliendesha kilomita 45.055 kwa saa moja akiwa kwenye baiskeli ya kuegemea iliyoundwa na Charles Mochet, akaipita rekodi ya saa moja ya Mswisi Oscar Egg iliyokuwa imedumu tangu mwaka 1914. Mwaka 1934 shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli, UCI, likautoa muundo huo katika mashindano yake. Tangu hapo ujuzi wa kumpima mpandaji umekua kwa ajili ya baiskeli ya wima, na fundi mzuri kabisa wa baiskeli za wima anaweza kukushauri vibaya kuhusu ya kuegemea, bila nia mbaya yoyote.

Kabla ya kulegeza skrubu yoyote

Maneno machache yatarudiwa, na ni vizuri tuelewane. Bomba la mbele ni lile bomba linaloingia na kutoka kwenye fremu, ambalo mwishoni mwake zimefungwa pedali. Ndilo linaloifanya baiskeli imfae mtu mrefu au mfupi. Mikono ya pedali ni vyuma viwili vinavyozishika pedali. Kikalio ni sehemu ya kiti inayobeba makalio, na mwinamo wa kiti ni pembe ya mgongo wa kiti ikipimwa kutoka kwenye ardhi: baiskeli nyingi za safari huwa na nyuzi 35 hadi 45, na zile za kasi huweza kushuka hadi nyuzi 25 au chini yake.

Weka alama ya utepe wa kunata mahali bomba la mbele lilipo sasa na mahali kiti kilipofungwa, kisha uandike vipimo vyote katika daftari. Badilisha jambo moja kwa safari moja. Anayebadilisha urefu wa bomba, mwinamo wa kiti na viatu kwa siku moja hupata nafuu asiyojua imetoka wapi, au maumivu mapya asiyoweza kuyarudisha nyuma. Na usinunue chochote kabla hujajaribu marekebisho yasiyo na gharama, kwa kuwa katika malalamiko ninayoyasikia kwa wapandaji wenzangu mwaka hadi mwaka, tiba ya mengi huwa ni sentimita moja tu ya bomba.

Goti linauma

Hili ndilo lalamiko zito kuliko yote, na linahitaji kueleweka kwanza. Kwenye baiskeli ya wima nguvu unayoweza kuikandamizia pedali ina mpaka wa kawaida, kwa sababu ukisukuma kupita uzito wako mwili huinuka kutoka kwenye kiti. Kwenye baiskeli ya kuegemea mgongo wa kiti haukuachii unyanyuke. Unasukuma kama mtu aliyeegemea ukuta na kukanyaga gari lililokwama kwa miguu yake, na nguvu hiyo, ambayo inaweza kuzidi sana uzito wako, hupita yote kwenye goti. Kosa dogo la kipimo, ambalo kwenye baiskeli ya wima lingesamehewa, hapa halisamehewi.

Sababu ya kwanza kwa wingi ni gia nzito. Kagua hivi: ukiwa barabarani, hesabu ni mara ngapi goti la kulia linapanda katika sekunde 15. Ukipata 20 au zaidi, unazungusha mara 80 au zaidi kwa dakika, na hapo gia si tatizo. Ukipata 15 au pungufu, punguza gia sasa hivi, hata kama unahisi kwamba miguu inakwenda bure. Kwa mtu aliyetoka kwenye baiskeli ya wima jambo hili ni gumu zaidi mlimani, ambako alizoea kusimama juu ya pedali. Hapa hakuna kusimama, na kilichobaki ni gia ndogo na subira. Mwenye baiskeli ya kuegemea ya magurudumu matatu anaweza kupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea bila kuanguka. Mwenye mawili anahitaji kasi kidogo ili asiyumbe, na akiona hawezi kuipata bila kukaza goti, ashuke asukume. Kama gia yako ndogo kabisa bado ni nzito, fundi anaweza kukufungia gurudumu la meno la mbele lenye meno machache zaidi, lakini kwanza athibitishe kwamba matundu ya skrubu yanalingana.

Sababu ya pili ni urefu wa bomba la mbele. Maumivu yaliyo mbele ya goti, chini au nyuma ya pia ya goti, huashiria kwamba bomba ni fupi na goti linakunjwa mno. Maumivu ya nyuma ya goti huashiria kwamba ni refu. Vaa viatu vyako vya safari, mwombe mtu akushikie baiskeli, keti mpaka makalio yafike mwisho wa kiti, kisha uweke kisigino juu ya pedali iliyo mbali kabisa. Mguu unapaswa kunyooka wote bila nyonga kuvutwa mbele wala kuteleza. Ukirudisha mguu mahali pake pa kawaida, goti litabaki na mkunjo mdogo, na mkunjo huo ndio unaoutaka. Rekebisha kwa milimita 5 kila mara, na uendeshe safari mbili au tatu kabla ya kugusa tena.

Hapa pana tahadhari ya mnyororo. Kila sentimita moja ya bomba inayotoka mbele hudai takriban sentimita mbili za mnyororo, kwa kuwa mnyororo huenda na kurudi. Milimita chache hazina madhara, lakini ukilitoa bomba kwa sentimita mbili au zaidi, inua gurudumu la nyuma na uzungushe polepole, mnyororo ukiwa kwenye gurudumu kubwa la meno la mbele na kubwa la nyuma. Ukikaza kama kamba ya ngoma, ongeza pingili kabla ya kuondoka, kwa sababu mnyororo mfupi unaweza kung'oa kibadilishi gia na kukiingiza kwenye spoki. Kamwe usilitoe bomba kupita alama ya mwisho iliyochongwa na mtengenezaji.

Sababu ya tatu inawapita watu wengi: bomba la mbele likilegezwa huweza kujizungusha kidogo, na ekseli ya pedali ikaacha kuwa sambamba na ardhi. Matokeo yake ni maumivu ya upande wa ndani au wa nje wa goti, tena mara nyingi la mguu mmoja tu. Simama hatua tano mbele ya baiskeli iliyonyooshwa wima na uangalie kwa jicho. Upotovu wa nyuzi mbili huonekana. Ikiwa ekseli iko sawa, angalia kibanio kilicho chini ya kiatu kinachonasa kwenye pedali. Kikielekezwa vibaya, kinalilazimisha goti kuzunguka kila mara mguu unaposukuma.

Marekebisho ya mwisho, na ya gharama, ni mikono mifupi ya pedali. Baiskeli nyingi huuzwa zikiwa na milimita 170, na wapandaji wengi wa kuegemea huhamia 155 au 150, kwa sababu mkono mfupi humpunguzia goti mkunjo pale pedali inapokuwa karibu. Ukiifupisha kwa milimita 15, toa bomba la mbele milimita 15 hizohizo, la sivyo utakuwa umetibu kosa moja kwa kuleta jingine.

Acha kuendesha na umwone daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo ikiwa goti limevimba, linakwama, linalegea ghafla unapotembea, au linaendelea kuuma baada ya wiki mbili za kupumzika. Mimi sikuacha. Katika mwaka wangu wa kwanza nilitoka Arnhem, Uholanzi, kuelekea Köln, Ujerumani, bomba langu likiwa fupi kwa karibu sentimita mbili, na muuzaji wa duka nilikoinunua alikuwa ameniambia nitazoea. Siku ya pili nilimalizia safari kwa treni, kisha nikakaa miezi mitatu bila baiskeli.

Nyayo zinawaka au vidole vinakufa ganzi

Dalili hii huanza baada ya saa moja hivi: sehemu ya mbele ya unyayo inapata joto, kisha kuwaka, kisha vidole vinapotea. Sababu ya mwanzo kabisa ni kiatu kilichofungwa sana. Mguu hufura katika safari, na kiatu kilichokuwa sawa asubuhi hubana neva zinazopita kati ya mifupa ya vidole. Legeza kamba unapoondoka, na uzilegeze tena baada ya kilomita 20. Watu wengi hawahitaji kusoma zaidi ya hapo. Wengine huvaa sandali zenye soli ngumu majira yote ya joto na hawalalamiki tena.

Ikiwa kulegeza hakutoshi, angalia mahali pedali inapokandamiza. Kibanio kilichofungwa mbele sana hubebesha mzigo wote chini ya vidole. Kirudishe nyuma kuelekea kisigino kwa milimita 5, kisha 5 nyingine, na ukifika mwisho wa nafasi iliyopo, ingiza bomba la mbele milimita chache kwa sababu mguu sasa utanyooka zaidi. Wasiotumia vibanio waangalie soli: kiatu cha michezo chenye soli laini huacha pedali ndogo ichome mahali pamoja, na tiba yake ni pedali pana au soli ngumu.

Sababu inayofuata ni ya maumbile ya baiskeli yenyewe. Kwenye baiskeli nyingi za kuegemea, pedali ziko juu kuliko kikalio, wakati mwingine kwa sentimita 20 au zaidi, na damu inalazimika kupanda ili ifike vidoleni. Hilo huwezi kuliondoa kwa spana. Unachoweza kufanya ni kuinua mwinamo wa kiti kidogo, kuzungusha haraka kwa gia nyepesi ili msuli wa shavu la mguu usaidie kusukuma damu, na kushuka kila dakika 45 hadi 60 utembee dakika tatu. Mapumziko haya hayapotezi muda kama inavyodhaniwa. Wanaoshiriki safari ya Paris–Brest–Paris, yenye kilomita 1,200 na zaidi na kikomo cha saa 90, wamo wenye baiskeli za kuegemea, nao pia hushuka.

Wakati wa baridi dalili hufanana lakini chanzo ni kingine: nyayo ziko mbele na ndizo zinazokutana na upepo kwanza, kwa hiyo vidole hufa ganzi bila kuwaka. Hapo usilegeze wala kusogeza kitu, funika kiatu.

Onyo kwa wenye magurudumu matatu, na naomba lichukuliwe kwa uzito wake wote. Ganzi isikufanye ukauchomoa mguu kwenye kibanio na kuendelea kuendesha ukiwa umeuweka tu juu ya pedali. Mguu ukiteleza na kugusa ardhi, baiskeli huendelea mbele, nao huvutwa chini ya fremu au ya kiti; mifupa imevunjika kwa namna hiyo. Nyayo zako ziwe zimefungwa wakati wote, kwa vibanio au kwa mikanda ya kisigino, na ukitaka kuupumzisha mguu, simama kwanza.

Mwenye kisukari asianze safari ndefu kabla ya kuzungumza na daktari wake kuhusu ganzi za miguuni. Kwa mtu yeyote, ganzi ambayo haijaondoka kufikia kesho yake ni ya daktari. Shavu la mguu mmoja likivimba, likauma na kuwa la moto, usilikande wala usiendelee na safari. Damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa, na hilo huhitaji hospitali siku hiyohiyo. Likifuatana na kifua kuuma au pumzi kukatika, piga simu ya dharura mara moja, ambayo katika nchi za Umoja wa Ulaya ni 112.

Makalio yanauma

Maumivu haya si yale ya baiskeli ya wima. Hayako kwenye ngozi, wala si mchubuko. Yako ndani ya msuli mkubwa wa kalio, ambao hapa hufanya kazi ya kusukuma huku umekaliwa, na damu haipiti vizuri ndani ya msuli uliobanwa.

Kwa mpandaji mpya, sababu ni upya wenyewe, na hapa ndipo neno «utazoea» linapokuwa sahihi. Anza na safari za kilomita 20, nenda 35, kisha 50, na ujipe wiki nne hadi sita kabla ya kukilaumu kiti. Maumivu ya aina hii huwa ya pande zote mbili, hufifia ukisimama dakika chache, na hupungua kila wiki. Yasipopungua, endelea na hatua zinazofuata.

Angalia mwinamo. Kadiri mgongo wa kiti unavyokuwa wima, ndivyo uzito unavyoshuka kwenye kikalio. Ukiulaza, mgongo huubeba. Laza kiti kwa nyuzi 3 hadi 5 ukitumia programu ya simu ya kupimia pembe, kisha ukague bomba la mbele upya, kwa sababu kulaza kiti hubadilisha umbali kati ya nyonga na pedali. Angalia pia gia: anayesukuma gia nzito hukaza kalio muda wote, na mwenye maumivu ya goti na ya kalio kwa pamoja karibu daima ana kosa hilo.

Baada ya hapo, kagua sponji. Keti, kisha upenyeze vidole chini ya kikalio na ubonyeze kuelekea juu: ukihisi mfupa wako waziwazi, sponji imekufa au ni laini mno. Watu wengi hukosea hapa. Huongeza mto laini juu ya sponji, wanapata raha ya nusu saa, kisha maumivu yanarudi, kwa sababu mto laini hujikandamiza wote chini ya mfupa na kuubana msuli pembeni. Zaidi ya hayo, kila unene unaouongeza nyuma ya mgongo hukusogeza mbele na kulifanya bomba kuwa fupi. Nimekutana na watu walioanza kuumwa magoti wiki ileile waliyonunua mto. Kinachofaa ni sponji ngumu kiasi, yenye sentimita mbili hadi nne, iliyokatwa kufuata umbo la kiti.

Kwa kiti cha wavu tatizo ni wavu uliolegea, ambao huufanya upau wa mbele wa kikalio ukate mapaja. Kaza kamba zake kuanzia katikati kuelekea pande zote mbili, na ukumbuke kwamba wavu mpya hulegea tena baada ya wiki kadhaa.

Kaptura nene za waendesha baiskeli, zenye pedi, hazina kazi hapa na mshono wake unaweza kuwa ndio unaochoma. Jaribu safari moja na suruali nyepesi isiyo na mshono mnene chini.

Ikiwa maumivu yako katikati kabisa, kwenye kifandugu, kiti kigumu kina umbo au ukubwa usiokufaa, na hakuna sponji itakayolibadilisha hilo. Viti vya faibaglasi na kaboni huuzwa kwa ukubwa mbalimbali. Nenda kwa muuzaji aliyebobea ambaye atakuruhusu kuketi katika angalau viwili. Usikitoboe wala kukikata kiti mwenyewe. Ukiona ufa wowote karibu na matundu ya skrubu, usikitumie tena hata kwa kilomita moja.

Kiuno na mgongo wa chini

Mara nyingi mpandaji ameteleza mbele bila kujua, na kati ya kiuno na kiti pamebaki uwazi. Kikalio kikiwa tambarare mno ndivyo inavyotokea: kila msukumo unakushusha kidogo, na wewe unajishikilia kwa kiuno. Inua ncha ya mbele ya kikalio kidogo ili ikuzuie kuteleza, kisha ujaze uwazi ule kwa taulo dogo lililokunjwa kama jaribio. Likikupa nafuu, lishonee mahali pake kipande cha sponji cha kudumu. Sababu nyingine ni bomba refu linalovuta nyonga huku na huku. Mwambie mtu akufuate kwa nyuma na akuangalie mabega, kwa kuwa mabega yanayoyumba ni alama yake.

Maumivu yanayoshuka mguuni hadi chini ya goti, au udhaifu wa unyayo, si ya kurekebishwa kwa taulo. Acha kuendesha na umwone daktari. Ganzi katika sehemu za siri au kati ya mapaja, pamoja na kushindwa kuzuia au kutoa mkojo, ni dharura ya saa hiyo, mchana au usiku.

Shingo

Kadiri kiti kinavyolala ndivyo shingo inavyolazimika kukikunja kichwa mbele ili macho yaione barabara. Kwa hiyo jambo la kwanza la kujaribu ni kuinua kiti nyuzi chache, hata kama utapoteza kasi kidogo dhidi ya upepo. La pili ni kiegemeo cha kichwa. Kiwekwe chini ya kisogo, kwenye kile kibonde cha shingo, wala si nyuma ya fuvu, kwa sababu kikigusa fuvu hupeleka kila mtikisiko wa barabara moja kwa moja kichwani na kukutia ukungu machoni. Helmeti ndefu nyuma nayo hukisukuma kichwa mbele. Iliyo fupi nyuma huondoa tatizo hilo. Ambaye amefanya yote haya na bado anaumwa huenda anahitaji baiskeli nyingine, iliyo wima zaidi. Nasema hivyo kwa uzoefu wa kuwaona watu wakipambana miaka miwili na baiskeli ya mashindano ambayo haikuundwa kwa safari wanazozipenda.

Ganzi ya mkono ikifuatana na maumivu ya shingo, au kizunguzungu unapokigeuza kichwa, humaliza safari, mtafute daktari.

Mikono na mabega

Usukani wa kuegemea haubebi uzito wowote, kwa hiyo ganzi ya mikono karibu daima hutokana na woga: mpandaji mpya hukamata usukani kama anayening'inia. Fungua vidole kimoja kimoja ukiwa kwenye njia tulivu. Kama mikono imeinuka juu ya kifua, shusha usukani hadi viwiko vipumzike kando ya mbavu.

Mgongo kulowa jasho

Sponji isiyopitisha hewa ndiyo chanzo. Tandika juu yake mkeka wa nyuzi za plastiki zilizosokotana zenye uwazi, unaouzwa kwa kazi hiyo. Vipele vya joto visivyopona kwa wiki moja avione mfamasia. Maji nayo yasisahaulike, kwa sababu upepo mdogo unaopita mgongoni hukufanya utoke jasho zaidi ya unavyodhani.

Mtikisiko unaopanda kupitia kiti

Hapa huwezi kuinua makalio ili shimo lipite chini yako, na kila tofali la barabara ya zamani hufika kwenye uti wa mgongo. Anza na upepo wa matairi. Wengi hujaza hadi kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, ilhali hicho ni kikomo. Punguza kidogo kidogo, bila kushuka chini ya kiwango cha chini kilichoandikwa hapohapo, mpaka tairi ianze kubonyea kidogo chini ya uzito wako. Kisha fikiria tairi pana zaidi, milimita 40 hadi 50, baada ya kupima nafasi iliyopo kwenye fremu na chini ya walinda matope. Gurudumu dogo la mbele huingia shimoni zaidi kuliko kubwa, kwa hiyo ndilo la kupewa tairi pana kwanza.

Mtikisiko mwembamba wa mfululizo, unaobadilika kulingana na kasi ya pedali hata kwenye lami laini, hautoki barabarani. Unatoka kwenye kapi linaloongoza mnyororo chini ya kiti. Likamate kwa vidole na ulitikise. Likicheza, beringi yake imekwisha, na kuibadilisha ni kazi ya nusu saa. Kama kapi ni zima na mlio unaendelea, kagua skrubu za kiti na za bomba la mbele kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza, ukifuata takwimu za mtengenezaji. Mlio unaofuatana na kiti kusogea, au mstari mwembamba wa kutu au wa rangi iliyopasuka kwenye maungio ya fremu, ni wa fundi, na baiskeli ifike kwake ikiwa imebebwa.